Angalieni Sufuria, Msinuse Shingo

Naandika haya nikiwa nimejipaka marashi. Nasema mapema, ili anayetaka kukasirika akasirike kuanzia mstari wa kwanza.

Mimi ni mkimbizi kutoka Rutshuru. Tulivuka mpaka wa Bunagana mwezi wa saba 2012, mimi na mama yangu, na watoto wawili wa marehemu dada yangu. Leo mama na watoto wako kambini Nakivale, wilaya ya Isingiro. Mimi niko Kampala, natembeza vitenge Nakivubo. Majina hayo mawili wageni huyachanganya kila siku: Nakivale, Nakivubo. Mimi sichanganyi. Kati ya hayo mawili kuna basi mpaka Mbarara, halafu gari lingine, halafu vumbi.

Kazi yangu ni hii. Vitenge sita begani, vingine kwenye mfuko. Naanzia upande wa uwanja wa mpira, nazunguka mpaka soko la Owino, natokea Old Taxi Park, narudi. Askari wa jiji wakija nakimbia kama wenzangu. Siku nzuri nauza vitatu. Siku mbaya navirudisha vyote na miguu imevimba. Na kila asubuhi kabla ya kutoka chumbani naweka matone matatu ya marashi: moja nyuma ya kila sikio, moja shingoni. Nikikosa chai, natoka bila chai. Bila marashi sitoki.

Mwaka 2023 matone hayo yalimnyima mama yangu chakula. Au ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Ngoja nieleze, kisha mniambie kama nimekosea.

Kwanza mjue Nakivubo inavyonukia na inavyonuka, maana yote mawili yapo. Kiswahili chetu kimeyatenganisha kwa herufi moja tu, lakini ni herufi nzito. Kuna ule mtaro mkubwa wa Nakivubo unaobeba maji machafu ya jiji mpaka Ziwa Viktoria, na unamwaga kwenye ghuba ileile ambayo maji ya bomba ya Kampala yanachotwa, kule Ggaba. Mvua ikinyesha, mtaro unapanda, na hapo hakuna tajiri wala maskini, wote tunaziba pua. Kuna moshi wa boda boda na chapati za rolex. Kuna mivumba, marobota yanapofunguliwa Owino, ile harufu ya nguo zilizofungwa miezi mingi. Kisha upepo ukigeuka kutoka Kisenyi unaletewa ubani. Wasomali wanafukiza dukani asubuhi, na moshi wake unapita juu ya takataka zote hizo kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe akipita sokoni.

Na ndani ya jengo moja la maduka, chini ya ngazi, kuna kijana anayeuza mafuta ya manukato. Ana chupa kubwa zimepangwa ukutani, kila moja imeandikwa jina la pafyumu maarufu ya Ufaransa au la udi wa Kiarabu. Unachagua, anachota kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, anajaza kichupa chako. Ya Ufaransa si ya Ufaransa, mimi najua na yeye anajua. Ni nakala. Lakini nakala iliyochanganywa vizuri ni kazi ya mikono ya mtu, na kijana huyu pua yake ni pua kweli.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusubiri. Nilikuwa nanusa mara moja na kulipa. Akasema, "Hapana, dada, jipake mkononi, zunguka na vitenge vyako, rudi baada ya saa mbili." Kwa nini? Kwa sababu manukato hayaji yote kwa pamoja. Vitu vyepesi, kama limau na chungwa, vinaruka kwanza, robo saa na vimeondoka. Halafu yanakuja maua, yanakaa saa kadhaa. Mwisho vinabaki vizito: udi, vanila, msandali, ubani. Hivyo ndivyo unavyolala navyo na kuamka navyo kwenye kitenge. Anayenunua kwa dakika ya kwanza amenunua limau. Na usisuguesugue mikono, anasema, tulia, acha ngozi ifanye kazi.

Tangu siku hiyo mimi si mtu wa "harufu nzuri" tu. Najua kwamba joto la Nakivubo linafanya utamu wa vanila uwe mzito mno saa saba mchana, kwa hiyo mchana nataka limau na asumini. Udi nauweka siku ya mvua. Kitu cha waridi ni cha kanisani. Ninajua hivi kama fundi anavyojua uzi. Sikusoma popote.

Sasa Nakivale. Mwaka 2023 chakula cha wakimbizi Uganda kilianza kugawiwa kwa makundi matatu: wenye shida kubwa kabisa, wenye shida ya kati, na wale ambao ilisemwa wanaweza kujitegemea. Kundi la tatu halipati kitu. Sibishi kwamba pesa zilikuwa zimepungua. Zilikuwa zimepungua kweli, na mtu alipaswa kuchagua. Nabisha kuhusu jinsi mtu anavyotazamwa anapochaguliwa.

Nilikuwa nimemtembelea mama wiki hiyo. Nilimpelekea kichupa. Mama yangu, nilipopata pesa yangu ya kwanza Kampala, nilimuuliza nimletee nini, nikifikiri atasema viatu. Akasema, "Niletee kitu ya kunukia. Hii moshi ya kuni imeniingia mpaka mu mifupa." Basi nikawa napeleka kila nikienda. Asubuhi hiyo nilimpaka mwenyewe, kwenye viganja na kwenye ukingo wa kitambaa cha kichwa.

Akaja mtu na tableti kuuliza maswali. Shirika sitalitaja, kwa sababu nembo ni nyingi na tabia ni moja. Alikuwa kijana mpole, alivua kofia, alisalimia vizuri. Alipoingia akavuta pumzi, akatabasamu: "Mama, hapa pananukia vizuri! Kuna mtoto Kampala anayetuma?" Mama akacheka. Akajibu kwa fahari, kama mama yeyote angejibu: "Binti yangu ananijali." Kijana akacheka pia. Akaandika.

Orodha ilipotoka, mama alikuwa kundi la tatu.

Mwanamke wa miaka 61, magoti mabovu, wajukuu wawili. Kujitegemea kwa nini? Kwa vitenge vyangu sita? Tulipeleka malalamiko. Tuliambiwa tusubiri.

Sina ushahidi kwamba pua ya yule kijana ndiyo iliyoamua. Labda ni kompyuta. Labda ni swali lingine kabisa kati ya maswali yale mengi. Lakini kambi nzima iliamini ni marashi, na hilo peke yake lina madhara yake. Jirani alisimama mlangoni akasema, "Si nilikuambia? Weye unanukiaka kama bibi ya depite, kisha unaenda kulia njaa." Mama alikifunga kichupa ndani ya mfuko wa plastiki, akanirudishia. "Uende nayo. Hii kitu imetuponza."

Tangu hapo nimesikia mambo ambayo nayaandika kwa aibu. Akina mama wanaambiana: wakija wa tathmini, ficha beseni jipya. Mvalishe mtoto ile iliyochanika. Usioge siku hiyo. Jamani, tunafundishana kunuka! Tulikimbia vita, tukavuka mpaka, tukajenga nyumba za udongo, na sasa tuna somo la namna ya kuonekana hatujioshi, ili tuaminiwe kwamba tuna njaa.

Hapa ndipo nataka Wakongomani wenzangu mkumbuke kitu ambacho wazee walituhadithia. Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1948, ilianzishwa kadi ya sifa njema kwa Mwafrika "aliyeendelea", na mwaka 1952 ukaja usajili wa daraja la juu zaidi. Ili upate, kamati ilikuwa inakuja nyumbani kwako. Inaangalia chumba cha kulala, jikoni, choo, jinsi familia inavyokula mezani. Wakati ule Mkongomani alichunguzwa nyumbani kwake athibitishe kwamba yeye ni msafi wa kutosha kuhesabiwa kama mtu. Leo anachunguzwa nyumbani kwake athibitishe kwamba ni mchafu wa kutosha kuhesabiwa kama mhitaji. Najua makusudi si yaleyale. Waliokuja wakati ule walikuja kutawala, wa leo wanakuja kusaidia. Lakini mwenye nyumba anasimama palepale pembeni ya mlango wake mwenyewe, anamtazama mgeni akinusa.

Nitajibu sasa wale wanaosema, "Lakini dada, pesa ya marashi si ingenunua unga?"

Tufanye hesabu, mimi ni mfanyabiashara. Kichupa changu ni cha mililita 10, nanunua shilingi 10,000. Kwa matone matatu kwa siku kinanifikisha miezi miwili na nusu. Gawanya mwenyewe: kama shilingi 130 kwa siku. Rolex moja ya shilingi 2,000 inakula marashi yangu ya wiki mbili. Ukiniuzisha kichupa leo, nitapata kilo tatu za unga kama bei ni nzuri. Tutakula siku mbili. Siku ya tatu tutakuwa na njaa, na tutanuka pia.

Swali hili ni la zamani. Wakristo wanalijua kutoka Injili ya Yohana, sura ya 12. Mwanamke alimpaka Yesu miguu kwa nardo ya thamani, nyumba nzima ikajaa harufu. Mmoja akalalamika kwamba marashi yale yangeuzwa dinari 300, maskini wakapewa. Aliyelalamika ni nani? Yuda. Na Injili inaongeza kwamba ndiye aliyeshika mfuko wa fedha, na kwamba maskini hawakuwa shida yake. Sisemi kila anayeuliza swali hili ni Yuda. Wengi wanauliza kwa roho safi. Nasema tu waangalie wamesimama upande gani wa chumba. Na Waislamu hawahitaji somo langu: kujitia manukato kabla ya sala ya Ijumaa ni sunna, na hakuna aliyeambiwa kwamba sunna hiyo ni ya wenye kazi tu.

Ningeweza kujitetea kwa njia rahisi. Ningesema marashi ni mtaji. Ni kweli: mteja akisogea kugusa kitenge, akakuta kinanukia udi, anakaa dakika moja zaidi, na katika dakika hiyo ndimo biashara ilimo. Mashirika yanapenda maneno hayo, "kujikwamua kiuchumi". Lakini nakataa kujificha humo. Hata kama marashi yasingeniletea senti moja, ningejipaka. Kwa sababu siku nzima watu wananisukuma, wananiita majina, wananipigia honi. Jasho langu ni la kukimbia askari. Kisha nageuza kichwa kidogo, na pale shingoni kuna asumini. Nani mwingine katika siku hiyo amenitendea kwa upole? Ni mimi mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, kwa matone matatu.

Kuna pia wa kwetu wanaosema marashi ni ya watu wengine, sisi ni nani. "Unajifanya mzungu." "Unajifanya mtu wa Kinshasa." Hawa nao nawajibu, tena kwa ukali zaidi, maana ni ndugu zangu. Manukato ya dunia yanatoka wapi? Ubani unatoka kwenye miti ya kaskazini ya Somalia: wanaume wanaukata mti gome, maziwa yanatoka, yanakauka, na akina mama wanakaa chini kuchambua chembe kwa chembe. Karafuu inatoka Unguja na Pemba. Mlangilangi unatoka Komoro. Vanila inalimwa Mukono na Bundibugyo, na ng'ambo, kwetu, upande wa Beni. Vitu hivi vinaondoka kwenye mikono kama yetu, vinapelekwa Ulaya na Uarabuni, vinarudi kwenye chupa ambayo hatuwezi kuinunua. Halafu mimi nikinunua nakala yake kwa sindano, chini ya ngazi, ati najifanya mtu mwingine? Najifanya nani? Nakusanya kilicho changu, tena kwa bei ya rejareja.

Wakati mwingine nampitia mama mmoja wa Kisomali, Kisenyi, ananunua kitenge kwangu kwa mkopo. Naye ni mkimbizi. Jioni anawasha uunsi kwenye kitezo chake cha jiwe, dabqaad wanakiita, anafukiza nguo za watoto na shela yake. Nilimuuliza kama si gharama. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafagia. Kwao nyumba isiyofukizwa haijakamilika, iwe ya tajiri, iwe ya mkimbizi. Sikuongeza neno.

Sasa ninyi ndugu zetu wa mashirika. Najua mnasoma jarida hili, tunawaona. Kuna wengi kati yenu mnafanya kazi kwa moyo, mnalala kwenye magari, mnatukanwa na sisi na wakubwa zenu. Siwaombi msipime. Pimeni. Chakula kikiwa kidogo lazima kipimwe. Lakini angalieni sufuria, msinuse shingo. Ulizeni: jana mlikula mara ngapi? Nani hakula ili mtoto ale? Mmekopa wapi, na mwenye deni anasemaje? Mtoto yupo shule au amerudishwa? Mliuza nini mwezi huu ambacho hamtaki kukiuza? Fungueni kifuniko. Hakuna anayeweza kughushi sufuria tupu miezi mitatu mfululizo, na hakuna jirani asiyejua ukweli wake.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wanatuonya tusidanganywe na urembo wa nje. Basi onyo hilo lina pande mbili. Kama sura nzuri haithibitishi moyo mzuri, harufu nzuri haithibitishi tumbo lililoshiba.

Na kama kweli harufu ni kipimo, basi iandikeni kwenye fomu. Wekeni swali namba fulani: "Je, mwenye nyumba ananukia?" Ndiyo au hapana. Tuwekeeni sahihi tulione, tukate rufaa dhidi yake. Kinachoniuma ni kile kisichoandikwa, kile kinachoingia puani na kutokea kwenye orodha, na ukiuliza hakuna aliyekisema.

Jambo la mwisho kwenu. Mnagawa vifurushi mnaviita vya heshima: sabuni, pedi, beseni, kanga. Tunashukuru, vimetusaidia sana. Lakini jina hilo mlilichagua wenyewe. Heshima. Kumbe heshima ina sabuni na haina marashi? Huo mstari ulichorwa na nani, na yeye mwenyewe alikuwa amejipulizia nini asubuhi alipouchora? Siwaombi mtugawie pafyumu. Nitajinunulia. Naomba tu nikishajinunulia msiniandikie kama kosa.

Na kwenu wakimbizi wenzangu: kama mtoto analala njaa na wewe unanunua chupa, umekosea, sitakutetea. Lakini kama umemlisha kwa ulichonacho, ukabaki na shilingi mia ya kwako, usimwombe mtu yeyote radhi kwa ulivyoitumia. Na tuache kuchungulia shingo za majirani. Aliyekutenga wewe na jirani yako kwa ajili ya kichupa amekupunguzia zaidi ya unga.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Nakivale. Nilibeba unga kilo kumi, maharage, na kichupa kile kile alichonirudishia, nimekijaza upya: waridi juu, msandali chini. Mama alipokea unga kwanza, akaupima kwa mkono, akauweka ndani. Alikiona kichupa, hakukigusa. Tulikula, tukaongea habari za magoti yake. Jioni, watoto walipotoka kuchota maji, akaninyooshea mikono yote miwili, viganja juu.

"Tia kidogo," akasema. "Lakini funga mlango kwanza."

Nikafunga. Nikampaka. Chumba kikajaa waridi na sisi wawili tukakaa humo gizani kama wezi.

Mimi nataka ule mlango ubaki wazi.